Mara nne ya nini?

Juzi nimeletewa picha nyingine ya makrame, ufundi wa kufunga kamba mafundo ya mapambo. Msuko wa mafundo ya mraba umeishia katikati ya safari: kamba mbili za pembeni zimebaki shibiri tu, na mbili za katikati zinaburura sakafuni. Chini yake swali: "Mwalimu, nimekosea wapi? Nilikata mara nne kama wanavyosema."

Wanavyosema! Laiti ningewajua hao wanaosema.

Tuanze na mara nne ya nini. Ni ya urefu wa msuko unaoutaka. Lakini kamba ukiitundika kwenye kijiti unaikunja, moja inakuwa mbili. Anayesema mara nne huwa anahesabu baada ya kukunja, yaani kabla ya kukunja ni mara nane, ila hapo kwenye nane ndipo anaponyamaza. Kwa hiyo mgeni wa makrame anakata mara nne, anakunja, anabaki na mara mbili, kisha anajilaumu kwamba hana kipaji.

Ila hata nane haiponyi ugonjwa wenyewe. Katika fundo la mraba, kamba za pembeni ndizo zinazofanya kazi. Za katikati zimesimama tu, zinazungukwa. Msuko wa sentimita 60 unazidai sentimita 60 na mkia wa matamvua, basi. Sasa kwa nini zote nne zikatwe sawa?

Ninavyofanya mimi: nachukua kamba ileile ya kazi, nafunga msuko wa sentimita 10, natia alama ya kalamu fundo linapoishia, nafumua, napima. Tuseme kila kamba ya pembeni imekula sentimita 45. Hiyo ni mara nne na nusu. Msuko wa 60 utakula 270. Ongeza 30 za mkia, 300. Ya katikati ni 60 na 30, yaani 90. Kwa hiyo nakata kamba mbili za sentimita 390, na sizikunji katikati: nakunja penye 90, naning'iniza upande mfupi ukae ndani. Jumla ni 780. Ungefuata mara nane ungekata 960, na bado za pembeni zingekuishia kabla ya kumaliza. Umetumia kamba nyingi zaidi ili upungukiwe.

Ukiweka kamba nne katikati badala ya mbili, pima upya, maana mzunguko umerefuka na kimo cha fundo ni kilekile. Kwenye mafundo ya kupishana, ya pembeni mstari huu ndiyo ya katikati mstari unaofuata. Hapo wote wanakula sahani moja, kata sawa kwa amani.

Mengine haraka. Anza na kamba ya pamba yenye unene wa milimita 4 au 5, makosa yaonekane. Iliyosokotwa kwa nyuzi tatu inavumilia kufumuliwa. Ya uzi mmoja inachanika vizuri kwa kitana ikiwa matamvua lakini ukiifumua mara tatu inakuwa manyoya. Iliyosukwa ni imara, ila usiitarajie matamvua laini. Ncha za nailoni zichome kidogo kwa moto. Za pamba usithubutu, zinawaka. Zungushia tepu kwanza, kisha kata katikati ya tepu, ncha zote mbili zimefungwa kwa mkato mmoja. Kamba ndefu zikunje vifurushi, uzibane kwa mpira.

Nikiri jambo: kipimo changu nacho hunidanganya. Mkono wangu wa asubuhi si wa usiku. Nikichoka nalegeza, na msuko uliofungwa kwa siku mbili unaweza kuonyesha ni wapi nililala. Ndiyo maana baada ya hesabu zote hizo bado naongeza kama sehemu moja ya kumi, kwa woga tu, na nina kikapu kizima cha masalio ya kushuhudia.

Yule wa picha nilimwambia asifumue. Atoe za katikati ziwe za pembeni, zile fupi ziingie ndani, aendelee kufunga. Pembeni, shibiri ile ingempa mafundo machache tu. Katikati inampa shibiri nzima ya msuko. Kiungo kitaonekana kidogo. Hapo nilimshauri apitishe ushanga mkubwa, watu watadhani alikusudia.