Dhamiri si dhamira

Juzi katika kikao cha kamati ya msiba, mzee mmoja aliyetakiwa kutia saini hesabu za michango aliirudisha karatasi mezani, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba dhamira yake haimruhusu. Sote tulimwelewa. Hata hivyo nililisikia neno likiteleza, kama ninavyolisikia likiteleza katika mahubiri, katika mawaidha ya redioni na katika hotuba za wanasiasa wanaojiuzulu kwa kile wanachokiita kufuata dhamira zao, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Maana yenyewe haina urefu. Dhamiri ni kile kilichomo ndani ya mtu kinachompambanulia wema na ubaya wa matendo yake mwenyewe, kabla hajatenda na baada ya kutenda. Dhamira ni kusudio, yaani lile ambalo mtu ameazimia kulitimiza. Aliyesoma fasihi sekondari analikumbuka neno hili kwa namna alivyosumbuliwa nalo kwenye mitihani.

Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, ambao maana zake huzunguka kukonda na kufichika. Katika Kurani mzizi huo umekuja mara moja tu, katika Surat al-Hajj, aya ya 27, na hapo hautajwi moyo wala nia: anayetajwa ni mnyama wa safari aliyekonda kwa kumbeba hujaji kutoka njia za mbali. Si vigumu kuona jinsi kukonda kunavyopakana na kufichika, kwa kuwa kinachonywea hupungua machoni pa watu. Wanasarufi wa Kiarabu nao wakakiita kiwakilishi dhamiri, maana ukisema "yeye" jina la mtu limejificha ingawa mwenyewe anajulikana. Sasa lililofichwa moyoni laweza kuwa nia, na laweza pia kuwa shahidi anayemwangalia mwenye nia, na ndiyo sababu simlaumu sana anayeyachanganya, kwani mkanganyiko ameurithi. Lakini Kiswahili kimekwisha kugawa kazi. Tumepata kitenzi kudhamiria, na hakuna anayekitumia kwa maana nyingine isipokuwa kukusudia. Mwizi aliyepita nyuma ya nyumba wiki nzima akipima urefu wa ukuta na kuhesabu saa za mlinzi kusinzia ana dhamira, tena thabiti kuliko ya wengi wetu. Ikiwa usiku wa siku yenyewe ameshika komeo la dirisha kisha mkono ukamlegea akarudi kwao, kilichomrudisha ni dhamiri.

Ukitaka ushahidi usiohitaji kamusi, sikiliza kitenzi tunachokiambatanisha nayo. Tunasema dhamiri humsuta mtu. Kusutwa, kwa aliyekulia uswahilini, si jambo dogo: kinamama hukusanyika, pengine na ngoma, wakaenda hadi mlangoni kwa aliyezusha uongo, wakamtaka aseme mbele ya mashahidi alisema nini, lini na kwa nani, huku majirani wamejaa barazani. Dhamiri hufanya hayohayo bila ngoma wala majirani, na mlango inaoubisha uko ndani. Dhamira haiwezi kumsuta mtu, maana ni yake, ameitunga yeye na anaweza kuibadili kesho asubuhi. Waislamu wanayo nafsi yenye kujilaumu, iliyoapiwa mwanzoni mwa Surat al-Qiyama. Wakristo wamelizoea neno dhamiri kutoka nyaraka za Paulo. Wote wanazungumzia kitu kisichomwonea haya mwenye nyumba.

Kosa hili linaniudhi zaidi linapofika kwenye uhuru. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika tafsiri yake ya Kiswahili, linasema katika kifungu cha 1 kwamba watu wote "wamejaliwa akili na dhamiri". Weka dhamira hapo uone: tutakuwa tumejaliwa akili na kusudio, jambo ambalo hata yule mwizi hatalikataa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 32, inalinda uhuru wa dhamiri pamoja na dini, fikra, imani na maoni, na maana yake ni kwamba dola isimlazimishe mtu kwenda kinyume na anachokiona kuwa haki mbele ya Mungu wake au mbele ya nafsi yake. Haikumwahidi mtu kutimiza kila alilodhamiria. Wanaodai kwamba uhuru wa dhamiri ni kila mtu kujiamulia apendavyo wanaidai haki ya neno la pili kwa jina la neno la kwanza, ilhali dhamiri ya kweli, mara nyingi, ndiyo inayotukatalia tupendavyo. Ndiyo maana wengi hawapendi kukaa kimya peke yao, taa imezimwa na simu iko mbali.

Yule mzee sikumsahihisha mbele ya kikao, kwani huko kungekuwa kumsuta, tena kwa herufi moja. Tulipokuwa tukinywa chai nilimsogelea nikamwambia, "Shikamoo baba. Lile neno ulilotaka nadhani ni dhamiri." Akatafakari kidogo, akasema, "Marahaba. Dhamiri." Kisha akaniuliza kama mimi nilikuwa nimezisoma zile hesabu kabla ya kutia saini.