Rekodi ya magendo ni kitu gani, na kwa nini si albamu

Kijiwe chetu cha kahawa kiko upande wa nyuma wa soko la Majengo, hapa Dodoma, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja tu: Simba na Yanga. Siku hizi kimepata ugomvi wa pili. Fundi redio wetu, mtu aliyezeekea kwenye bisibisi na risasi ya kuchomea, ni shabiki wa Queen tangu enzi za kaseti. Mwalimu mstaafu anayekaa Makole naye ni shabiki wa Queen, ila wa madhehebu mengine. Mgeni akishangaa bendi ya roki ya Uingereza kuwa na wafuasi huku kwetu, jibu la mwalimu ni fupi: mwimbaji wao ni wa nyumbani. Kweli, Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964.

Kwa fundi, albamu bora ya Queen ni A Night at the Opera ya 1975. Ndimo ilimo Bohemian Rhapsody, dakika 5 na sekunde 55, wimbo uliokaa kileleni Uingereza wiki 9 mfululizo, na ndani yake Wazungu wanaimba "Bismillah". Mwalimu anashikilia Queen II ya 1974, santuri ambayo badala ya upande wa kwanza na wa pili ilikuwa na upande mweupe na upande mweusi. Mweupe, ukiacha wimbo mmoja wa mpiga ngoma Roger Taylor, ulitungwa na mpiga gitaa Brian May. Mweusi wote ni wa Mercury. "Bohemian Rhapsody mimba yake iliingia kwenye ule upande mweusi," husema mwalimu, "huko kwenye Opera ilikwenda kuzaliwa tu."

Juzi kijana mmoja anayesoma UDOM akaingilia.

"Shikamooni wazee. Mimi bora yangu ni onyesho lao la Hammersmith, Krismasi ya 1975."

Fundi akaweka kikombe chini. "Hammersmith siyo albamu, mwanangu. Yale yalikuwa magendo."

Kijana hakuelewa magendo yanaingiaje kwenye muziki, na alipouliza, wale wazee wawili walimpa majibu mawili tofauti. Ndiyo maana naandika.

Rekodi ya magendo ni sauti ya msanii iliyosambazwa bila yeye, wala kampuni yenye haki ya kumrekodi, kuamua itoke. Neno zito hapo ni "kuamua". Sauti yenyewe yaweza kuwa safi kama ya studio, au ikawa ya kupayuka kama redio ya daladala. Yaweza kuwa imeibwa kabatini, au imenaswa hewani na mtu aliyelipa kodi zake zote za televisheni. Huwa magendo pale inapoanza kutembea mikononi mwa watu, hasa inapouzwa, ilhali mwenye mali hajaitoa.

Wamarekani huiita butilegi, na asili ya neno hilo ni pombe. Watu walificha chupa ndani ya shina la buti refu ili wapite nazo. Pombe ilipopigwa marufuku nchini kwao, kuanzia 1920 hadi 1933, neno likashamiri. Sisi tungeweza kuiita rekodi ya gongo na tukaelewana, lakini naona magendo ni neno linalofaa zaidi, hasa kwa aliyeuona mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipotupa sabuni na vitenge usiku kwa hofu. Ile sabuni ya magendo ilikuwa sabuni halisi. Ilitoa povu. Kosa lake lilikuwa njia iliyopitia.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya magendo na bandia. Zile CD za kuchoma zilizokuwa zikiuzwa stendi, nyimbo mia ndani ya diski moja na picha ya msanii imepauka, zilikuwa bandia: zilinakili kitu ambacho tayari kipo dukani, zikamnyima mwenyewe mauzo. Magendo huleta kitu ambacho dukani hakipo kabisa. Ndiyo maana shabiki wa kweli anaweza kununua kila albamu halali ya bendi yake, asiguse bandia hata moja, na bado awe na sanduku zima la magendo chini ya kitanda. Huyo hakwepi kulipa. Ana kiu ambayo duka haliikati.

Kwenye roki, mzigo wa kwanza uliovuma ulitokea Los Angeles mwaka 1969: santuri mbili za mwimbaji Mmarekani Bob Dylan ndani ya jalada jeupe tupu, zikaitwa Great White Wonder. Sehemu yake ilitoka kwenye kanda alizorekodi 1967 na wenzake wa The Band, karibu na Woodstock, bila nia ya kuziuza kama albamu. Toleo rasmi la kanda hizo lilisubiri hadi 1975. Mwaka huohuo wa 1969, mwezi Novemba, mtu alirekodi onyesho la Rolling Stones pale Oakland akiwa katikati ya watazamaji, na santuri yake ikawa mtaani kabla bendi haijatoa ya kwao ya jukwaani kutoka ziara ileile, ambayo ilikuja 1970.

Njia za kuipata sauti ni chache, na wanaobadilishana rekodi hizi huuliza kwanza njia, halafu ndiyo wimbo. Ipo ya kurekodi ukumbini kwa maikrofoni iliyofichwa: utasikia bendi, utasikia pia jirani akikohoa na mlevi akiomba wimbo usiokuwepo. Ipo ya kuchomeka waya kwenye miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, ambayo ni safi lakini kavu, watazamaji wanakuwa mbali kama wako Kongwa. Ipo ya kunasa redioni. Na ipo ya kanda za studio zilizotoroka: majaribio, au nyimbo zilizoachwa nje ya albamu.

Katika hao wa maikrofoni, mimi sijasikia habari inayomshinda Mmarekani Mike Millard. Miaka ya sabini aliingia ukumbi wa Forum, pale Inglewood, California, akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Kiti kilikuwa cha kufichia mashine ya kurekodia. Juni 1977 aliwanasa Led Zeppelin hivyo, na kuna mashabiki mpaka leo ambao ukiwauliza wachague kati ya kanda ile na albamu rasmi ya jukwaani ya bendi hiyo kutoka miaka hiyohiyo, hawafikirii mara mbili. Fundi alipoisikia habari hii alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha akauliza swali la fundi: maikrofoni ilikuwa aina gani?

Jambo jingine la kujua ni kizazi. Kaseti iliyorekodiwa ukumbini ni kizazi cha kwanza. Ukiinakili kwenye kaseti nyingine unapata cha pili, na kila hatua sauti nyembamba za juu zinapungua, mvumo unaongezeka, na kama mota ya mashine moja inakimbia kuliko nyingine, Mercury anaanza kuimba kama mtoto. Anayesema ana kizazi cha kwanza aombwe athibitishe. Ni kama anayesema alisoma na waziri. Faili za kompyuta zimeua tatizo hilo, maana nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, mradi mtu asizibane njiani ili ziingie kwenye simu.

Sasa Hammersmith. Usiku wa 24 Desemba 1975, BBC ilirusha moja kwa moja onyesho la Queen kutoka ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, kwenye televisheni na redio. Albamu ya Opera ilikuwa na mwezi mmoja tu. Mwenye redio kaseti nyumbani alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama walivyofanya kaka zetu RTD ilipopiga bendi ya dansi waliyoipenda, wakimwomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya gitaa. Mpaka hapo hakuna magendo, kuna mtu na redio yake. Lakini kanda zile zikageuzwa santuri zisizo na baba, zikauzwa nchi hadi nchi kwa miaka. Kilichowavuta watu ni vitu ambavyo albamu haina. Bohemian Rhapsody, kwa mfano, haipigwi nzima usiku ule. Ile sehemu ya kwaya ilijengwa studio kwa kurundika sauti juu ya sauti, watu wanne hawakuweza kuibeba jukwaani, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande na kuchomekwa nyimbo nyingine katikati. Baadaye bendi ilipata dawa: wakifika pale waliondoka jukwaani na kuiachia kanda iimbe.

Mwaka 2015 onyesho hilo lilitolewa rasmi, limesafishwa, na jina lake ni A Night at the Odeon. Kijana wetu analijua hilo tu. Fundi alilijua tangu likiwa magendo, na kwake lina alama ya magendo milele, kama gari lililowahi kuingia bila kibali. Mimi nasema wote wawili wana haki: mzigo ni uleule, ila baada ya miaka 40 umelipiwa ushuru.

Ila kwenye swali la kama Hammersmith inaweza kuitwa albamu bora, nasimama na fundi. Albamu ni uamuzi. Watu wanne walikaa wakachagua wimbo upi uingie, upi ufungue, upi ufunge, na upi utupwe. Ukisema Queen II ni bora unawasifia au kuwalaumu kwa uamuzi huo. Onyesho lililonaswa hewani linakuonyesha mikono yao inavyofanya kazi wasipoweza kurudia, na hilo ni jambo jingine. Unaweza kulipenda kuliko albamu zote, ila haliwezi kushindana nazo, kama vile mazoezi ya Yanga hayawezi kuingizwa kwenye msimamo wa ligi.

Mwalimu hapa alinibana. Akaitaja Mad the Swine, wimbo ulioachwa nje ya albamu yao ya kwanza ya 1973. Ulijitokeza 1991, umebanwa nyuma ya singo ya Headlong, na mwaka 2024 albamu ile ilipochanganywa upya ukarudishwa kwenye nafasi yake. "Uamuzi upi huo unaobadilika baada ya miaka 51?" akauliza. Sina jibu la kumridhisha. Nilichomwambia ni kwamba sasa zipo albamu mbili, ya vijana wa 1973 na ya wazee wa 2024, na Mercury, aliyefariki Novemba 1991, yumo kwenye uamuzi mmoja tu.

Kanda za majaribio zinaleta utata wa namna hiyo. Mwaka 1971, kabla hawajapata mkataba, Queen waliruhusiwa kurekodi bure kwenye studio mpya ya De Lane Lea, Wembley, kwa sharti la kusaidia kujaribu mitambo. Nyimbo 5 walizorekodi zilizunguka kwa magendo miaka mingi, zikatolewa rasmi 2011. Kumbe moja, The Night Comes Down, ilikuwa imetumika hivyohivyo kwenye albamu ya 1973, kwa hiyo ni demo na ni albamu kwa wakati mmoja. Na rekodi adimu si lazima iwe imewahi kuwa magendo: Face It Alone, ya miaka ya mwisho ya themanini, ilitoka mikononi mwa bendi yenyewe mwaka 2022.

Ruhusa nayo hufuta magendo kabisa. Grateful Dead wa Marekani, kuanzia 1984, waliwatengea warekodiji sehemu yao rasmi ukumbini, wasimamishe maikrofoni zao mchana kweupe.

Kwa sheria yetu, neno la kushika ni hakishiriki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, na inamlinda pia anayetumbuiza, hata kama wimbo si wake. Chukua akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme Chamwino: ngoma ni ya mababu, haina mtunzi wa kumtaja, lakini upigaji wa jioni ile ni wao. Anayenyanyua simu akarekodi, kisha akaenda kuuza, ametengeneza magendo kamili bila kuvaa buti. Linganisha na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huuhuu, aliyerekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis. Zile ni albamu, zina mwenyewe.

Kijana aliomba aisikie kaseti ya Hammersmith ya fundi, ile ya magendo. Ni ya dakika 90, yaani 45 kila upande, na upande wa kwanza unakwisha wimbo ukiwa katikati: gitaa linapanda, halafu kimya. Tukapiga na toleo la 2015 kwenye simu ya kijana ili tulinganishe. Lilipofika mahali pale, fundi alinyoosha mkono kugeuza kaseti. Mwalimu akasema hata hivyo Queen II iko juu, na muuza kahawa akauliza nani analipa.