Krimu ya kolajeni hairudishi kolajeni ya uso

Mwanamke aliyekoma hedhi akiona mashavu yameanza kulegea, huambiwa apake krimu ya kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, ili arudishe iliyopotea. Haiwezekani. Molekuli ya kolajeni ni kubwa mno kupenya tabaka la juu la ngozi. Hubaki juu na kuzuia unyevu usipotee upesi, basi.

Kilichopungua hasa ni estrojeni. Homoni hii huchochea seli za tabaka la ndani kutengeneza kolajeni, na husaidia ngozi kushika maji. Ovari zikiacha kuitoa, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni ndani ya miaka 5 ya mwanzo, kisha kama asilimia 2 kila mwaka. Ndiyo maana uso huonekana umebadilika ghafla, wala si uzembe wa mtu.

Chenye ushahidi ni retinoidi, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A: kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, usiku, mara 2 kwa wiki kwanza. Wengi huanza kila siku. Ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba huwasha na kubabuka, wakaacha. Ambaye bado anaweza kushika mimba asiitumie. Asubuhi paka kinga ya jua ya SPF 30, hata kama ngozi ni nyeusi: melanini, rangi ya asili ya ngozi, hupunguza miale ya jua, haiizuii yote.

Na tafadhali, acheni krimu za kuchanganya zenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi. Hung'arisha wiki chache, huku zikizidi kuikondesha ngozi ile ile.