Je, wajua kwa nini XSPEC inakugomea pale pale unapoihitaji?

XSPEC ni programu ya kufiti spektra za eksrei za anga, yaani kutafuta modeli (maelezo ya kihesabu ya chanzo) inayofanana na fotoni, chembe za mwanga, zilizohesabiwa kwa kila nishati. Kila anayeanza kuitumia anauliza hivi hivi: data nimedanlodi, komandi nimeandika kama zilivyo kwenye mwongozo, sasa mbona hii programu inanitemea maonyo tu? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi haijaharibika, inakataa tu kukudanganya. Jibu refu linaanzia jikoni.

Chukulia umekula pilau harusini, tamu ajabu, unataka kujua mpishi katia nini. Huwezi kuichukua sahani ukairudisha iwe bizari huku, iliki kule, mdalasini pembeni. Unachoweza ni kupika ya kwako, uonje, ulinganishe, uongeze iliki kidogo, uonje tena. XSPEC, ambayo inatolewa na NASA, kituo cha Goddard, ndani ya kifurushi cha HEASoft, inafanya hivyo hivyo: wewe unaleta modeli, yenyewe inaipika, inalinganisha na fotoni zilizohesabiwa, inagusa parameta (namba za modeli zinazobadilishwa), inarudia. Na kuna balaa la pili, ulimi wenyewe una mafua. Fotoni ya chuma ya 6.4 keV (keV ni kizio cha nishati) ikigonga kipokezi cha satelaiti haiandikwi 6.4 safi, inaweza kuandikwa 6.3 au 6.5 na nyingine zinaangukia mbali kabisa. Ndo maana kuna faili mbili: RMF inasema mafua yakoje, yaani nishati gani inaangukia chaneli (vikapu vya kuhesabia vya kipokezi) zipi, na ARF inasema kwa kila nishati vioo na kipokezi kwa pamoja vinanasa kiasi gani.

Ukishaelewa hapo, onyo la kwanza linajieleza lenyewe. Unapakia spektra, programu inakwambia haioni risponsi, yaani ile RMF. Faili la spektra halibebi RMF tumboni, linabeba jina lake tu, limeandikwa kwenye heda (maelezo ya mwanzo wa faili) kwenye RESPFILE, na la ARF liko ANCRFILE. Ukihamisha spektra kwenye folda nyingine ukaiacha RMF nyuma ni kama kumtuma mtoto kwa Juma bila kumwambia Juma anakaa mtaa gani. Mimi nilishapoteza mchana mzima na hii, nikainstoli upya HEASoft yote (na wanaojua inavyochukua muda kukompaili wanaelewa uchungu), kumbe faili liko folda ya juu yake. Dawa ni kuingia kwenye folda yenye faili zote kabla ya kufungua XSPEC, au kuandika `response 1 jina.rmf` halafu `arf 1 jina.arf`, basi. Na kama hata XSPEC yenyewe haifunguki, tamino (dirisha la kuandikia komandi) inasema komandi haijulikani, hapo hujaseti HEADAS, njia ya folda ya HEASoft, na kuita `headas-init.sh`, usianze kulaumu data.

Kuna nyingine ambayo ni mbaya kuliko zote kwa sababu haina onyo. Unataka uchambue kuanzia 2 hadi 10 keV, unaandika `ignore **-2 10-**` kutupa yaliyo nje ya hapo. XSPEC ikiona namba nzima inajua unaongelea chaneli, ikiona nukta inajua unaongelea nishati. Kwa hiyo hapo umetupa chaneli ya kwanza na ya pili, na kuanzia ya kumi hadi mwisho, na `ignore **-2.0 10.0-**` ndo keV. Nukta moja tu! Grafu inakuja ya ajabu, fiti inakuja ya ajabu, na programu haikuonyi maana kwa upande wake umeomba ulichoomba. Kila ukikuta kitu hakieleweki anza kwa kuangalia nukta zako, halafu andika `ignore bad` kutoa chaneli mbovu, halafu `plot ldata` uone kwa macho kilichobaki.

Hapa kwenye kuhesabu fotoni ndo pana utamu. Kai-skwea, kipimo cha kawaida cha modeli imekosea data kwa kiasi gani, inadhani kila bini (kikapu cha chaneli) ina fotoni za kutosha kiasi kwamba kuyumba kwake ni kwa kawaida, ile kengele ya Gauss. Bini yenye fotoni 3 haina tabia hiyo hata kidogo, na fiti inavutwa chini bila wewe kujua. Wengi wanagrupu, yaani wanaunganisha chaneli jirani, mpaka kila bini iwe na angalau 20 au 25, inafanya kazi ila kama chanzo ni hafifu unaua mistari myembamba uliyokuwa unaitafuta. Maoni yangu: andika `statistic cstat`, ni statistiki iliyotoka kwa mtafiti Cash mwaka 1979, imejengwa kwa ajili ya kuhesabu vitu vichache. Kama una faili la bakgraundi (fotoni zisizo za chanzo chako), grupu walau fotoni 1 kwa bini, maana bini tupu zinailetea shida.

(Kwa taarifa yako, satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya eksrei za anga ina jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, siku Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru. Vipokezi vyake vya 2 hadi 20 keV havikuweza kutenganisha nishati vizuri, sifa yake kubwa ikawa mambo ya muda, kama nyota ya Cen X-3 ambayo eksrei zake zinapiga kama mapigo kila sekunde 4.8 hivi.)

Sasa ule mgomo wenyewe. Umefiti `tbabs*powerlaw` (modeli ya mteremko rahisi unaofyonzwa na gesi njiani), unataka mipaka ya uhakika ya parameta, unaandika `error 2.706 2`, yaani mipaka ya asilimia 90 ya parameta ya pili. Inakataa, inasema kai-skwea iliyogawanywa (kwa idadi ya bini ukitoa parameta huru; fiti nzuri huwa karibu na 1) imezidi 2. Watu wanakasirika, lakini fikiria: mipaka hiyo inapatikana kwa kusogeza parameta mpaka fiti iharibike kwa 2.706, na kama fiti ilishaharibika tangu mwanzo hiyo 2.706 haina maana yoyote. Unaweza kuilazimisha kwa `error maximum 5 2` na itakupa namba, ila ni namba ya pilau isiyofanana na ile ya harusini. Bora uangalie mabaki, tofauti ya data na modeli, kwa `plot ldata ratio`, kama kuna kichuguu karibu na 6.4 ongeza `gaussian`, kama kuna mteremko chini ya 1 keV angalia `nH` yako (wingi wa gesi inayofyonza), na ukumbuke iko kwenye vizio vya atomi 10^22 kwa sentimita mraba.

Ikikwambia imepata fiti mpya bora wakati inatafuta mipaka, hiyo ni habari njema. Fiti inateremka kama maji ya mvua, yakikuta shimo barabarani yanatulia humo yakidhani yamefika baharini, na `error` imeyasukuma yakatoka. Rudia `fit`, halafu rudia `error`.