Hatari si sawa na kukosa yakini

Juzi nilikaa na vijana wanaoanzisha kampuni ya teknolojia, wakanionyesha mpango wao wa biashara. Mstari mmoja ulisema: "Hatari ya kushindwa: asilimia 20." Nikawauliza, 20 katika mia ipi? Wakatazamana. Huduma wanayoitaka hakuna aliyewahi kuiuza, hiyo mia wameitoa wapi?

Mchumi Mmarekani Frank Knight alizitenga dhana hizi mbili, hatari na kukosa yakini, mwaka 1921. Kwenye hatari hujui litakalotokea, ila uwezekano wake unahesabika: kampuni ya bima haijui gari lipi litagongwa, lakini ina kumbukumbu za ajali za miaka mingi, basi inapanga bei. Ukikosa yakini, hata pa kuanzia hesabu hapapo.

Na maneno tunayo. Hatari limetokana na Kiarabu khatar, ambalo huko lina pia maana ya dau la mashindano, kitu unachokiweka ukiwa unaujua mchezo. Yakini nalo ni la Kiarabu, na linalopingana nalo ni shaka. Aliyesoma madrasa anaikumbuka kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu: yakini haiondolewi na shaka. Umetia udhu wa swala, baadaye ukashuku kama umetenguka. Udhu wako upo. Huulizwi shaka yako ni asilimia ngapi. Unaulizwa una yakini na lipi.

Swali hilohilo ndilo linaloifaa kampuni changa. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, yaliyojulikana yalikuwa machache: watu wana simu, na wauza vocha wametapakaa mitaani. Wazo lilikuwa wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao midogo kwa simu. Wateja wa majaribio walikuwa 500 hivi tu. Wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa lengo la mradi. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangazwa. Ugunduzi huo ulitoka kwa wateja wenyewe. Hakuna jedwali la asilimia ambalo lingeuonyesha mapema.

Kwa hiyo wadogo zangu, ule mstari ufuteni. Andikeni "hapa hatuna yakini bado", na chini yake mseme mtajaribu nini, kwa wateja wangapi, kwa muda gani, na ni pesa kiasi gani mko radhi kuipoteza mkijaribu.