Kabila hakupewa mandati ya tatu na Mahakama ya Katiba

Juzi mama mmoja muuza unga, wa mtaa wa Katuba, alikuja kwangu mimi avoka (wakili) kwa kesi ya kiwanja. Hajakaa vizuri akasema: "Avoka, tutapoteza feza bure. Si ni mahakimu hao waliompa Kabila mandati ya tatu?" Neno hilo nimelisikia Lubumbashi hii hadi nimechoka, hata kwa wenye diploma.

Hakuna aliyepewa mandati, yaani muhula wa urais. Ya pili ya Joseph Kabila, rais wa Kongo wakati huo, ilikuwa inaisha Desemba 2016 na uchaguzi haujaandaliwa. Wabunge wa upande wake wakaiuliza Mahakama ya Katiba maana ya ibara ya 70 ya Katiba. Tarehe 11 Mei 2016, katika hukumu R.Const 262, ikajibu kwamba rais aliyemaliza muda hubaki kazini hadi mpya aliyechaguliwa aingie. Nilimfungulia mama Katiba, nikaweka kidole kwenye aya ya pili ya ibara hiyo, nikamtafsiria Kifaransa chake neno kwa neno. Akaniomba nirudie. Mahakimu hawakuitunga, iko pale tangu 2006. Kubaki kazini si kuchaguliwa upya! Ibara ya 220, inayokataza kubadili idadi na urefu wa mandati za rais, ilibaki kama ilivyo. Kabila hakugombea Desemba 2018, na Januari 2019 Tshisekedi akaapishwa kuwa rais.

Ukitaka kulaumu, laumu penye kidonda. Ibara ya 73 inadai kura iitishwe siku 90 kabla ya mandati kuisha, lakini Oktoba 2016 Mahakama hiyohiyo ikaikubalia CENI, tume ya uchaguzi, kuahirisha. Hapo nami nina hasira. Ila someni kwanza, ndugu zangu. Katiba inaingia hata kwenye simu.

Eti Mahakama hiyo ni ya wanasiasa tu? Ibara ya 162 inamruhusu mtu yeyote kushtaki sheria inayovunja Katiba. Hata katikati ya kesi yako ya kawaida avoka akiibua hoja hiyo, hakimu anasimamisha kesi na kuipeleka Kinshasa.

Rufaa dhidi ya hukumu zake haipo, ibara ya 168 imefunga mlango. Mahakama yenyewe ndiyo inayoweza kugeuka: Novemba 2021 ilisema haina uwezo wa kumhukumu Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani, Novemba 2022 ikasema inao.

Wenye ndugu Goma huniambia kwamba eta de sieji (utawala wa dharura wa kijeshi) ya Mei 2021 ilifuta haki zote. Hapana. Mahakama iliikubali ordonansi (amri) ya rais ya kuitangaza, na kweli raia wakapelekwa mbele ya mahakimu wa kijeshi, lakini ibara ya 61 inataja haki zisizoguswa hata wakati huo: kujitetea, kukata rufaa, kutoteswa, kutofungwa kwa sababu ya deni. Hiyo ya mwisho naitumia hapa kwetu kila mwezi. Kijana mmoja alilala kasho (mahabusu) siku nne kwa deni la magunia ya mahindi, wakati ibara ya 18 inaruhusu saa 48 tu. Nilipoziweka ibara zote mbili mezani, alirudi kwao jioni ileile.