Kipindupindu: anayeharisha msimnyime maji

Swali: Kipindupindu ni nini?
Jibu: Ni ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Choo hutoka kama maji ya mchele, tena kingi.

Swali: Kweli bakteria huyu anaishi baharini?
Jibu: Kweli. Makao yake ni kwenye midomo ya mito, maji baridi yanapochanganyika na ya chumvi. Hujishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo sana wa jamii ya kamba, na maji yakipata joto huzaliana. Wengi wa aina yake hawaleti kipindupindu. Jeni za sumu yake, yaani maagizo ya kuitengeneza, aliletewa na virusi vinavyoshambulia bakteria. Sumu hiyo ndiyo inayoulazimisha utumbo umwage maji na chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Swali: Akinywa anazidi kuharisha. Si bora tumbo lipumzike?
Jibu: Hapana! Maji anayoharisha yanatoka kwenye damu yake, si kwenye kikombe mlichompa. Sumu haizuii utumbo kufyonza chumvi ikiambatana na sukari, na ndiyo sababu ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha, inafanya kazi. Kila mvua zikija naletewa mtu macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi, na ndugu zake wananiambia, "Tulimzuia kunywa, daktari, ili tumbo lifunge." Jamani, msimzuie.

Swali: Na akitapika?
Jibu: Ngojeni dakika 10, kisha mpeni tena, kijiko kwa kijiko. Msimnyime.

Swali: Hatuna ORS.
Jibu: Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, chumvi isizidi.

Swali: Majani ya mpera je?
Jibu: Hayarudishi maji yaliyopotea, na mkiyachemsha saa zinakwenda.

Swali: Tusubiri kukuche?
Jibu: Msisubiri. Kipindupindu kinaua ndani ya saa chache. Mleteni usiku huohuo, kwa bodaboda, kwa mkokoteni, kwa chochote kilichopo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na njiani chupa ya ORS iwe mkononi, mgonjwa akinywa mpaka mlangoni kwetu.